Paka Asiye na Mwenyewe

Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya mlima Nyiragongo kutapika moto, wenye mamlaka waliamuru mitaa 10 ya mji wa Goma ihamwe upesi. Majengo ulikuwa mmojawapo. Watu wakashika njia ya Sake na ya Gisenyi, wengine wakapanda mashua kwenda Bukavu. Mama mwenye mtoto mgongoni na kibunda kichwani hana mkono wa kumshikia paka. Tena paka hafuati watu kama mbwa. Yeye hushikamana na nyumba. Basi baada ya kila msiba huonekana vichochoroni, juu ya mawe meusi, paka waliokonda wasio na mwenyewe.

Je, yafaa jamaa ya Kikristo impokee mmoja wao?

Katika miji mingine kazi hiyo ina nyumba yake. Huko Nairobi chama cha KSPCA, ambacho asili yake ni ya mwaka 1910, hupokea mbwa na paka waliotupwa, huwachanja na kuwafunga kizazi, ndipo huwatoa kwa mtu aliye tayari kuwatunza. Kampala nako iko nyumba ya namna hiyo, iitwayo The Haven. Kwetu Majengo mambo ni mafupi zaidi: jirani anayehama hutuachia paka wake, au paka mwenyewe hubisha hodi.

Wengi wetu twamjua Mtakatifu Martino wa Porres, bruda Mdominiko wa Lima katika nchi ya Peru, ambaye mama yake alikuwa wa asili ya Kiafrika. Alifariki mwaka 1639, na Papa Yohane XXIII alimtangaza mtakatifu mwaka 1962. Yasimuliwa kwamba mbwa na paka wagonjwa aliwaweka katika nyumba ya dada yake. (Twadhani dada huyo naye hakupungukiwa na uvumilivu.) Lakini bruda huyo huyo aliuguza wagonjwa na kuwalisha maskini wa mji. Hakuchagua kimoja na kukiacha cha pili.

Hapo ndipo penye shida yetu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki yafundisha kwamba kuwatesa wanyama bila sababu ni kinyume cha heshima ya mwanadamu. Yaongeza mara moja kwamba haistahili kuwatumilia wanyama fedha iliyopasa kwanza kuwaondolea watu taabu. Katika mji uliojaa wakimbizi, neno hili lina uzito. Asiwepo anayemnunulia paka nyama hali mtoto wa jirani alala njaa. Lakini makombo ya fufu na sambaza wachache hayamnyimi mtu haki yake. Tena paka hulipa. Katika nyumba ya mbao, gunia la maharagwe lisilo na mlinzi ni karamu ya panya.

Wako wasemao kwamba paka mweusi ametumwa na mchawi, na watoto wakisikia hayo humpiga mawe. Mkristo aliyebatizwa amwogopeje mnyama kwa ajili ya rangi ya manyoya yake? Wazazi, msicheke mnapoona jambo hilo, wakatazeni.

Lakini huruma yataka akili. Kitoto cha paka kisitengwe na mama yake kabla ya majuma 8. Jike aweza kushika mimba hata kabla hajatimiza miezi 6, naye huzaa baada ya majuma 9 hivi. Mwulizeni daktari wa mifugo habari ya kumfunga kizazi, na ya sindano ya kichaa cha mbwa, kwa maana paka naye huupata ugonjwa huo na kuuambukiza. Akimwuma mtu, jeraha lioshwe kwa maji na sabuni muda wa dakika 15, kisha mtu huyo aende hospitali siku ile ile. Mama mjamzito asishike mavi ya paka. Nanyi mtakaompokea, acheni sumu ya panya, kwa sababu panya aliyekula sumu humwua na paka anayemla.

Siku za kwanza mfungieni katika chumba kimoja, apate kuizoea harufu ya nyumba. Pembeni wekeni karai kuukuu lenye mchanga mweusi wa volkano, ambao sisi hatuukosi kamwe. Atafukua mwenyewe bila kufundishwa.