Kidonge bila dawa, mazungumuzo na depresio: nini njo inaponesha?



"Kama kidonge bila dawa kinamusaidia mutu wa depresio, basi ugonjwa wake ni wa uongo." Maneno hayo tunayasikia hata kati yetu wenye diploma. Tuyachunguze.

Plasebo ni kidonge chenye kufanana na dawa, lakini ndani hakuna dawa. Watafiti wanakitumia kwa kupima: kundi moja linapata dawa ya kweli, lingine plasebo, na mugonjwa hajue alipewa kipi. Mwaka wa 1998, huko Marekani, Irving Kirsch na Guy Sapirstein walikusanya majaribio 19 ya watu 2,318. Nafuu ya wale wa plasebo ilifikia karibu 75% ya nafuu ya wale wa dawa.

Hiyo haimaanishe dawa ni bure. Mwaka wa 2018, Andrea Cipriani na wenzake walichunguza majaribio 522: dawa zote 21 zilishinda plasebo, ila tofauti haikuwa kubwa sana.

Sasa nafuu ya plasebo inatoka wapi? Sehemu moja ni wakati tu, sababu depresio inaweza kupunguka yenyewe. Sehemu ingine ni tumaini, na kule kupokelewa na muganga mwenye kukuuliza na kukusikiliza. Hata maumivu ya mugongo yanaweza kupunguka kwa plasebo, na hakuna mwenye anasema yule mugonjwa anadanganya.

Basi psikoterapia ni plasebo ya maneno? Tuangalie hapa kwetu, Kivu ya Kusini. Mwaka wa 2013, Judith Bass na wenzake walitoa matokeo ya utafiti juu ya wanawake 405 wenye walipitia jeuri ya ngono. Vijiji vingine vilipata tiba ya mikutano 12, karibu yote katika kundi, kwa kujifunza kupima mawazo kama "ni kosa langu". Vijiji vingine vilipata musaidizi wa kusikiliza na kutegemeza. Miezi 6 nyuma ya tiba, wenye dalili za depresio ao wasiwasi walikuwa 9% upande wa tiba, na 42% upande ule mwingine. Kwa trauma pia, upande wa tiba njo ulipata nafuu zaidi.

Tuone vizuri: pande zote mbili walisikilizwa, na kusikilizwa kulisaidia. Lakini kazi yenye mpango ilisaidia zaidi. Tumaini linafungua mulango. Kuingia kunaomba kazi.

Kwa hiyo, mutu wa depresio tusimuambie "jikaze tu". Tumusikilize, tumusindikize kwa wenye kufundishwa kazi hiyo. Mwenye kumeza dawa asiziache gafula bila kuongea na muganga. Na kama anasema anataka kufa, tusimuache peke yake hata siku moja.