Maji ya Lori Hupotelea Wapi?

Nyumba nyingi za Moshi, na za vijiji vya mlimani kama Kibosho, Machame na Marangu, hutegemea riziki yao kwa lori kuukuu. Ndilo literemshalo ndizi sokoni, na ndilo lipandishalo saruji na majani ya ng'ombe. Injini ya lori hilo ikifa, haumii dereva peke yake; karo ya watoto nayo hukwama. Kwa hiyo twapenda kuzungumza na wasomaji wetu, hasa vijana wanaojifunza ufundi, juu ya ugonjwa mmoja unaodharauliwa sana: maji ya rejeta kupungua kidogo kidogo.

Wengi hutosheka kubeba dumu la maji na kujaza kila asubuhi. Hiyo si dawa. Aliyekulia mlimani aujua mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia mashamba. Maji yakipungua shambani, mwenye busara huufuata mfongo tangu chanzo mpaka mwisho, hata aone yanapotokea. Lori nalo lina mfongo wake. Maji hutoka kwenye pampu, yakapita katika bloku na silinda hedi, yakafika kwenye thamostati, yakaingia rejeta kwa mpira wa juu, kisha yakarudi kwenye pampu kwa mpira wa chini.

Mlima huufichua ugonjwa huu upesi. Kila tupandapo mita 300 hivi, maji huchemka kwa joto lililopungua kiasi cha nyuzi moja. Lango la hifadhi pale Marangu liko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, na huko maji yaliyo wazi huchemka kwa nyuzi 94 hivi. Tena lori lililoshiba mzigo hupanda polepole kwa gia nzito, wala halipati upepo wa kutosha. Kifuniko cha rejeta ndicho kinachoyakandamiza maji yasichemke mapema. Mpira wake ukichakaa, maji hutoka ingawa hakuna tundu popote. Basi kinunuliwe kingine chenye kipimo kile kile kilichoandikwa juu yake.

Kazi ya kutafuta ianze injini ikiwa imepoa kabisa. Anayefungua rejeta yenye moto hujimwagia mvuke usoni, na wapo waliopofuka kwa haraka hiyo. Ioshe injini, ikaushe, ujaze maji, kisha tandika boksi safi chini yake usiku kucha. Asubuhi tone litakuonyesha upande. Tafuta pia alama nyeupe, za kijani au za kutu, kwa maana maji yakigusa chuma cha moto hukauka kabla ya kudondoka. Kagua klipu za mipira, maungio ya rejeta, vizibo vya bloku, na kitundu kidogo kilicho chini ya pampu ya maji. Kitundu hicho kikidondosha, sili ya pampu imekwisha. Kisizibwe; pampu ndiyo ibadilishwe. Gereji yenye pampu ya kupimia rejeta itakurahisishia kazi, kwani mshale wake ukishuka, maji yanatoka mahali.

Ikiwa nje hapana kitu, tazama oili. Ikifanana na chai ya maziwa, au rejeta ikitoa mapovu yasiyokoma, yaelekea gasketi ya silinda hedi imeungua. Lori hilo lisipande mlima hata safari moja, kwa sababu roho za waliopanda ni amana.

Kutengeneza kwenyewe si kugumu sababu ikijulikana. Mpira uliopasuka hubadilishwa, na rejeta ya shaba hulehemiwa. Lakini tuache desturi ya kuing'oa thamostati. Bila hiyo injini huchelewa kupata moto, hula mafuta mengi, na huchakaa upesi. Wala usimimine maji baridi katika injini iliyochemka, maana silinda hedi yaweza kupasuka. Ukijaza, jaza polepole, hewa itoke. Washa injini mpaka mpira wa juu upate moto. Ikishapoa, pima tena.

Jambo la mwisho lawahusu akina mama na watoto nyumbani. Dawa ya rangi inayochanganywa na maji ya rejeta mara nyingi huwa na ladha tamu, nayo ni sumu inayoharibu figo. Kiasi kidogo chaweza kumwua mtoto au mbuzi. Isiwekwe kamwe katika chupa ya soda, na iliyomwagika uani ioshwe mara moja. Mtoto akiionja, apelekwe hospitali papo hapo, hata akionekana mzima. Basi mwenye lori asiliache litone, akidhani ni maji tu.