Kabla hujanunua gongo jipya la kriketi

Msimu unapokaribia, wachezaji wa kriketi wa Kigali hurudia swali lile lile: niendelee na gongo langu la zamani, au nijikakamue ninunue la mtindo mpya? Watengenezaji hawalali. Kila mwaka hutoa toleo jingine lenye stika zinazong'aa, kingo zilizonenepa na jina la kutisha, na picha zake huingia kwenye simu za vijana muda mrefu kabla gongo lenyewe halijafika nchini. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na hapa kidonda kinaupata mfuko. Gongo zuri la mwerebi wa Uingereza hugharimu mamia ya dola za Marekani, wakati lile la mwerebi wa Kashmir hupatikana kwa makumi ya dola tu.

Jibu langu nalitoa mapema ili msomaji alipime: wengi wetu hatuhitaji gongo jipya. Tunahitaji kulijua vizuri tulilo nalo, kulitunza, na kutambua siku ambayo kweli limefika mwisho wake. Pesa inayobaki ina kazi kubwa zaidi ya kufanya.

Mchezo uliokua kwa kidogo

Kriketi ya Rwanda haikuzaliwa kwenye wingi wa vifaa. Ililetwa na Wanyarwanda waliorejea nyumbani baada ya 1994, wakiwa wamejifunza mchezo huo katika nchi jirani kama Uganda na Kenya. Chama cha kriketi kilianzishwa mwaka 1999, na mwaka 2003 Rwanda ikapokelewa katika Baraza la Kriketi la Kimataifa, ICC. Kwa miaka mingi wachezaji walitegemea uwanja wa shule ya ufundi ya ETO Kicukiro, mahali ambapo Aprili 1994 maelfu ya watu walikuwa wamekimbilia kwa askari wa Umoja wa Mataifa, kisha wakaachwa mikononi mwa wauaji. Vijana walicheza juu ya ardhi hiyo kwa heshima, na kwa vifaa vya kuazimana.

Mei 2016, Eric Dusingizimana, nahodha wa timu ya taifa wakati huo, aliingia kwenye nyavu za mazoezi katika uwanja mdogo wa Amahoro na kupiga mipira kwa saa 51, akipumzika dakika chache tu kila saa. Aliandikwa katika kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness. Hakufanya hivyo kutangaza gongo la mtu. Alikuwa anachangisha fedha za kujenga uwanja. Oktoba 2017 uwanja huo ulifunguliwa Gahanga, kusini mwa jiji, ukiwa na nyasi halisi na jengo la matao yaliyojengwa kwa vigae vya udongo wa hapa hapa, yakifuata njia ya mpira unaodunda.

Matunda yalionekana Januari 2023 huko Afrika Kusini, katika Kombe la Dunia la kwanza la wasichana walio chini ya miaka 19. Rwanda iliifunga Zimbabwe kwa tofauti ya mikimbio 39, Henriette Ishimwe akiangusha wiketi nne kwa mipira minne mfululizo. Siku chache baadaye wasichana wetu waliwatoa West Indies wote kwa mikimbio 70, na nahodha Gisele Ishimwe akabaki uwanjani na mikimbio 31 bila kutolewa mpaka ushindi ukapatikana. Ushindi katika mechi hizo ulipatikana kwa urushaji wenye shabaha, udakaji, mbio na subira. Anayedhani kwamba gongo nene ndilo lililokosekana katika mchezo wake na aanze kwa kuutafakari mfano huo.

Unachonunua ni mti

Ukilivua gongo stika zake, kinachobaki ni ubao wa mwerebi na mpini wa henzerani uliochomekwa kwa umbo la kabari. Mwerebi wa Uingereza ni mwepesi na mgumu kiasi, na ukishashindiliwa kiwandani hupata uso unaorudisha mpira kwa nguvu. Magogo yake husafirishwa hadi miji kama Meerut na Jalandhar nchini India, na Sialkot nchini Pakistan, ambako mafundi huyachonga kuwa magongo. Mwerebi wa Kashmir ni jamaa yake, ila mbao zake kwa kawaida ni nzito na ngumu zaidi. Humfaa anayeanza, shule, na timu inayocheza juu ya zege na mkeka.

Ubora hupangwa kwa madaraja, na daraja linaangalia sana sura: mistari ya mti iliyonyooka, weupe, na uchache wa madoa. Lakini doa haliuzuii mpira kuruka. Magongo mawili ya toleo moja na bei moja yanaweza kutofautiana, kwa sababu yametoka kwenye miti miwili. Kwa hiyo hakuna toleo linaloweza kukuahidi mikimbio. Unaweza kuahidiwa na ubao uliomo mikononi mwako tu, baada ya kuugonga kwa mpira na kuusikiliza.

Sheria nazo zimeweka ukuta. Mwaka 1771 huko Uingereza mchezaji aitwaye Thomas White alikuja uwanjani na gongo pana kama wiketi yenyewe. Wapinzani wake waliandika sheria, na mpaka leo upana hauruhusiwi kuzidi sentimita 10.8. Desemba 1979, Dennis Lillee wa Australia aliingia na gongo la aluminiamu mjini Perth, na muda mfupi baadaye sheria ikatamka kwamba ubao lazima uwe wa mti. Mwaka 2006 gongo lililobandikwa utepe wa grafaiti mgongoni, ambalo Ricky Ponting alikuwa akilitumia, liliondolewa. Na tangu Oktoba 2017 ukingo wa gongo usizidi milimita 40, wala unene wake wote usizidi milimita 67.

Maana yake ni hii: mtindo mpya hauna nafasi kubwa ya kuuzidi wa zamani. Kinachohamishwa mwaka hadi mwaka ni mahali penye unene, umbo la mgongo na rangi. Anayecheza kwenye ardhi inayodundisha mpira chini hufaidika na gongo lililonenepa karibu na ncha, na anayecheza kwenye mdundo wa juu hutaka unene upande kidogo. Hilo ni jambo la kuchagua mara moja kwa akili, halihitaji kurudiwa kila msimu.

Uzito ndio mwamuzi

Makosa mengi hufanyika kwenye uzito. Kijana humwona mpigaji wa India akiupeleka mpira nje ya uwanja, naye akaagiza gongo zito kama lake. Nguvu ya pigo hutokana na uzito wa gongo pamoja na kasi yake, na mkono ukichoka, kasi ndiyo inayotangulia kufa. Magongo mengi ya watu wazima huwa kati ya kilo 1.1 na 1.3, na gramu 50 tu zinasikika mkononi.

Kipimo chake hakihitaji mashine. Lishike gongo kwa mkono wa juu peke yake, ule unaoongoza pigo, kisha linyanyue na kulishusha mara kadhaa kama anayeukaribisha mpira. Likianza kuyumba, si lako, hata kama limesainiwa na bingwa. Kwa mtoto onyo ni kali zaidi. Wazazi wetu wana mazoea ya kununua kikubwa ili "akue nacho", jambo linalofaa kwa sweta. Mtoto anayeburuza gongo refu hujifunza kupiga kwa mkono wa chini, na ubaya huo huchukua miaka kuutoa.

Gongo lililokomaa

Kuna faida ambayo la zamani linayo na jipya halina. Gongo likitoka dukani halijawa tayari kwa mpira mgumu wa ngozi. Hupakwa mafuta ya kitani kidogo kidogo, likalazwa likauke, kisha likagongwa kwa nyundo ya mbao kwa saa kadhaa, uso na kingo, mpaka nyuzi za mti zishikamane. Anayeruka hatua hiyo anaweza kulipasua gongo la mamia ya dola ndani ya wiki ya kwanza. Gongo ulilolitumia misimu miwili limekwisha kupita huko, na mara nyingi hapo ndipo linapopiga vizuri kuliko lilivyopiga siku ya kwanza.

Hali ya hewa ya Kigali inadai uangalizi wake. Miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, huukausha mti mpaka ukapasuka kirahisi. Masika na vuli, nyasi zilizolowa hunywesha ncha ya gongo maji, ikavimba na kuchanua. Kwa hiyo paka mafuta mepesi kabla ya kiangazi, bandika kinga ya mpira kwenye ncha, na usiliache gongo kwenye buti la gari lililoegeshwa juani.

Nyufa ndogo za uso ni za kawaida. Ufa wa ukingo hutibika kwa gundi ya mbao, kubanwa usiku mzima na kufungwa utepe. Maseremala wa karakana za Agakiriro ka Gisozi wana gundi na vibanio vya kazi hiyo. Wewe mwambie fundi mambo mawili tu: asipige msumari, na asipige randa kwenye uso.

Lini ubadilishe

Sababu za kweli ni chache, nazo zinajitambulisha. Ya kwanza ni gongo kufa: ukiligonga linatoa sauti ya mti mbichi, mpira unaanguka karibu hata ukiupiga katikati, na vipande vya uso vinabanduka kwa kina. Ya pili ni mpini kuvunjika ndani au kulegea kwenye maungio, kiasi kwamba kubadilisha mpini kunakaribia bei ya gongo. Ya tatu ni mwili kubadilika, kwa kijana aliyerefuka. Ya nne ni ngazi ya mchezo kupanda, kwa aliyetoka kwenye mpira laini wa shuleni na Kashmir yake, akaingia ligi ya mpira mgumu. Huyo wa mwisho anastahili mwerebi wa Uingereza, na hata yeye atapata la daraja la kati la toleo la mwaka uliopita kwa bei nafuu, likiwa na mti ule ule.

Kama huna mojawapo ya hizo, unachotamani ni stika.

Helmeti kwanza

Kipo kifaa ambacho kwacho upya una maana. Novemba 2014 mpigaji wa Australia, Phillip Hughes, alipigwa na mpira shingoni akiwa amevaa helmeti, akafariki siku mbili baadaye. Tangu hapo watengenezaji wamebuni kinga za shingo, na mwaka 2023 Australia ikazifanya kuwa lazima kwa wapigaji wa ngazi za juu wanaokabili mipira ya kasi. Helmeti inayokidhi kiwango cha BS 7928:2013 imepimwa ili mpira usipenye kwenye wavu wa uso. Ile ya zamani ya urithi, yenye wavu uliopinda, haina dhamana hiyo. Helmeti iliyopokea pigo zito nayo inapaswa kubadilishwa hata kama kwa macho ni nzima. Hapo usihesabu franka.

Kwa hiyo agizo langu kwa wachezaji na viongozi wa klabu ni moja. Pangeni bajeti kwa utaratibu huu: helmeti, pedi na glovu kwanza, makocha wa watoto pili, na magongo mapya mwisho. Na wewe mwenye sababu ya kweli ya kununua jipya, nunua kwa moyo mweupe, kisha gongo lako la zamani likarabati, lifunge utepe safi na ulipeleke kwenye shule au kituo cha watoto kinachocheza kriketi. Wapo wasichana na wavulana wa jiji hili wanaongoja zamu ya gongo moja watu kumi. Gongo linalokaa bila kazi nyumbani kwako lingewapunguzia foleni hiyo kesho asubuhi.