Kidudu cha bafuni nusura kimhamishe dada wa watu!

Wapangaji sita, bafu moja. Jamani, hapo ugomvi unakosekanaje?

Siku moja tuliamka tukakuta ukutani vimejaa vidudu vyeusi, kila kimoja hakifiki hata milimita tano. Jirani mmoja akabwata kuwa vimeletwa na uchafu wa dada wa chumba cha uani, aliyehamia juzi tu. Binti wa watu kwa aibu akaanza kufunga virago.

Mwenzenu nikaua kimoja, nikaazima kioo cha kukuzia. Kina manyoya mpaka kwenye mbawa, utadhani nondo. Lakini nondo ana mbawa nne. Hiki kina mbili tu, basi ni inzi. Vipapasio vyake ni kama shanga zilizotungwa, na kikitua ukutani mbawa zinafanya umbo la kopa la karata. Kuruka kwenyewe kwa taabu, hatua mbili kimetua.

Kumbe ni wale inzi wa mabomba ya maji machafu! Hawaumi mtu. Funza wao hukulia kwenye utelezi ndani ya bomba.

Usiku nikabandika selotepu juu ya tundu la maji, gundi ikitazama chini. Asubuhi nikakuta wanane wamenasa. Ushahidi huo!

Ukipuliza dawa unaua wanaoruka tu, funza wanabaki. Dawa yao ni brashi, kusugua utelezi wote utoke.

Dada kafungua virago vyake. Zamu ya kwanza ya brashi tukampa nani? Yule yule aliyebwata!