Muhogo: simu yatambua ugonjwa kwenye jani

Shamba la muhogo linaweza kuonekana zuri, sombe ikiwa tele, lakini siku ya kuchimba mizizi inakutwa imeoza ndani. Ili kugundua ugonjwa mapema, watafiti wa kompyuta na wa kilimo wa chuo kikuu cha Penn State, Marekani, pamoja na taasisi ya IITA, walitengeneza programu ya simu iitwayo Nuru. Inachunguza picha ya jani hata pasipo intaneti.

Lakini jani moja halitoshi. Utafiti uliotolewa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa jani moja Nuru ilipatia kwa asilimia 65. Kwa majani 6 ya mmea mmoja, kati ya 74 na 88. Kabla ya kung'oa mmea, basi, mkulima apige picha kadhaa.