Chuo cha Weusi Marekani: Mhitimu Hutoka na Nini?

Hapa Naro Moru ekari ya shamba ndiyo benki ya mtu. Ndiyo maana swali aliloniletea mzee jirani yangu si la kupigia soga. Mjukuu wake amekubaliwa katika chuo kimoja kusini mwa Marekani. Nusu ya karo atalipiwa, nusu familia ijitafutie, na mzee yuko tayari kuuza ekari moja. Kilichomkwaza ni habari aliyosomewa na kijana kwenye simu, kwamba chuo hicho kihistoria ni cha watu weusi. "Ustadh," akaniambia, "niuze shamba nimpeleke mtoto kwa wazungu, halafu asiende kwa wazungu?"

Msomaji wa Mombasa au Lamu atacheka, lakini sidhani kwetu Pwani tungeuliza tofauti. Tumezoea kupima shule kwa rangi na lafudhi ya wanaofundisha. Basi nieleze nilichomweleza mzee, na zaidi kidogo.

Vyuo hivi vilizaliwa na kufungiwa mlango. Wakati wa utumwa, katika majimbo mengi ya kusini, kumfundisha mtumwa kusoma lilikuwa kosa la jinai. Hata baada ya utumwa kukomeshwa mwaka 1865, vyuo vikuu vya kusini viliendelea kumkataa mweusi kwa karibu miaka mia. Ikabidi vianzishwe vyake. Cheyney na Lincoln, vyote vya Pennsylvania upande wa kaskazini, vilitangulia, 1837 na 1854. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha vikafuata Howard mwaka 1867, Hampton 1868, Tuskegee 1881 na vingine vingi, sehemu kubwa kwa mkono wa makanisa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1965 inavitambua vile vilivyoanzishwa kabla ya 1964 kwa lengo la kuwasomesha weusi. Leo ni kama mia moja hivi. Wala havibagui: karibu robo ya wanafunzi wao si weusi.

Sasa, mtu akipita huko hutoka vipi? Mzee mwenyewe, kama watu wote wa upande huu wa mlima, analijua jina la Mbiyu Koinange, waziri wa Mzee Kenyatta. Asichokijua ni kwamba Koinange, mwana wa chifu wa Kiambu, aliondoka Kenya mwaka 1927 kwenda kusoma Hampton, Virginia.

Hapo pana jambo la kuchekesha. Hampton ilikuwa inasifiwa sana na wakoloni. Elimu yake ya wakati ule ilikuwa ya mikono: useremala, kilimo, nidhamu, usafi, na siasa kando. Mkuu wa tume ya Phelps-Stokes iliyopita Afrika Mashariki mwaka 1924, Thomas Jesse Jones, alikuwa amefundisha Hampton, na tume yake ilitaka Mwafrika asomeshwe vivyo hivyo. Mwaka uliofuata ikafunguliwa shule ya Jeanes kule Kabete kwa mfano huo huo. Mawazo yalikuwa kwamba mweusi akijua kupiga randa hataulizia kura.

Lakini katika tume hiyo hiyo alikuwamo James Aggrey, Mwafrika wa Gold Coast aliyesoma na kufundisha Livingstone, chuo cha weusi cha North Carolina. Watu walimwona mweusi mwenzao amekaa meza moja na wazungu, anazungumza, wao wanasikiliza. Ripoti ya tume ilisomwa na wachache, Aggrey akaonekana na wengi.

Koinange naye hakurudi kuwa seremala. Baada ya Hampton alipita vyuo vingine vya Marekani na Uingereza, akarejea nyumbani mwaka 1938. Mwaka uliofuata akaanzisha chuo cha ualimu cha Githunguri, kwa michango ya wananchi, ili kutoa walimu wa shule huru za Wakikuyu, zile zilizojitenga na wamishonari na kuenea hadi Murang'a na Nyeri hii. Kenyatta aliporudi kutoka Uingereza alikuja kukiongoza. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, serikali ilikifunga chuo pamoja na shule zake.

Kujitegemea kwa namna hiyo alikuona wapi? Mimi sisemi ni Hampton peke yake, maana wazee wa shule huru walikuwa wameanza hata kabla hajarudi. Lakini kijana aliyetoka nchi ambayo mweusi hakuwa na shule kubwa aliyoimiliki, akakaa miaka kadhaa mahali ambapo mweusi ndiye anayejaza madarasa, ndiye kinara wa mdahalo na nahodha wa timu, hawezi kurudi akaamini kwamba shule ni lazima ipewe na mtu. Hili halikuwa kwenye mtaala. Wanafunzi walilipata kwa kukaa pamoja.

Na kukaa pamoja huzaa watu wa kukusimamia. Miaka ile ile ya Koinange, Hampton alikuwako St. Clair Drake, Mmarekani mweusi ambaye baadaye alikuwa mtaalamu mkubwa wa jamii. Miaka ya hamsini kijana mwingine wa Kikuyu, Mugo Gatheru, alikwenda Marekani, akaanzia Bethune-Cookman kule Florida, chuo kilichoanzishwa na mwanamke mweusi, Mary McLeod Bethune, kisha akahamia Lincoln. Vita vya Mau Mau vilipopamba moto, idara ya uhamiaji ya Marekani ikataka kumfukuza nchini. Aliyesimama mbele kuchangisha pesa za mawakili ni Drake. Kesi ilikokotwa miaka hadi ikafutwa mwaka 1957. Gatheru akaandika kitabu cha maisha yake, Drake akamwandikia utangulizi, na mwisho akawa mwalimu wa historia katika chuo kikuu cha Sacramento, California. Mtu asiye na jamaa hata mmoja ng'ambo ya bahari alipata jamaa.

Lincoln ilikuwa na mkono mrefu zaidi. Nnamdi Azikiwe wa Nigeria alimaliza hapo 1930, Kwame Nkrumah 1939. Kariuki Njiiri, mwana wa Chifu Njiiri wa Murang'a, alisoma hapo pia, na ndiye aliyekiachia kiti chake cha bunge mwaka 1962 ili Kenyatta, aliyekuwa ametoka kifungoni, apate kuingia.

Lakini aliyenifanya nimwambie mzee akae kitako ni Thurgood Marshall. Huyu naye alimaliza Lincoln mwaka 1930. Alitaka kusomea sheria karibu na kwao, chuo kikuu cha Maryland, lakini kilikuwa hakipokei weusi. Akaenda Howard, mikononi mwa mwalimu Charles Hamilton Houston, aliyewafundisha vijana wake kwamba sheria ni silaha ya kuvunjia ubaguzi. Marshall alimaliza 1933, na muda si muda akarudi mahakamani akakifungua kile kile chuo cha Maryland. Mwaka 1954 akashinda kesi iliyoharamisha kutenga shule kwa rangi Marekani nzima, na 1967 akawa jaji mweusi wa kwanza wa Mahakama ya Juu.

Katikati ya hayo, Januari 1960, Tom Mboya na wenzake walimwita awe mshauri wa wajumbe wa Kiafrika katika mkutano wa Lancaster House, London. Alipitia Nairobi kwanza. Kazi yake ikawa kuandika rasimu ya haki za raia wa Kenya. Ndani yake aliweka kwamba hata walio wachache, maana yake wazungu na Wahindi, walindwe, na ardhi ya mtu isichukuliwe bila fidia ya haki. Yeye aliyenyimwa nafasi kwa kuwa wa wachache aliona hawezi kuandika sheria ya kuwanyima wachache wengine.

Naro Moru ilikuwa ndani ya zile Nyanda za Juu za wazungu. Baada ya uhuru mashamba ya hapa hayakunyang'anywa, yalinunuliwa, kwa mikopo na kwa watu kuchanga kidogo kidogo. Wapo wanaoona ulikuwa uonevu kulipia ardhi ya babu zao, nami nawaelewa; Pwani tuna vidonda vyetu vya ardhi. Lakini hati iliyo ndani ya sanduku la mzee imesimama juu ya kanuni iliyopiganiwa, pamoja na wengine, na kijana wa Lincoln na Howard.

Ya zamani hayo. Ya leo yana takwimu. Mwaka 2015 shirika la Gallup lilitoa uchunguzi wa wahitimu weusi wa Marekani. Waliosoma vyuo vya weusi, asilimia 55 walikubali kwa nguvu kwamba chuo kiliwaandaa vyema kwa maisha nje ya masomo. Waliosoma vyuo vingine, asilimia 29. Walioulizwa kama walimu waliwajali kama watu, ilikuwa 58 kwa 25. Hayo ni maoni ya wahitimu wenyewe, si mizani ya mishahara, lakini pengo la namna hiyo halipuuzwi.

Sisi Pwani tunaufahamu mfano huu kwa jina jingine. Ile taasisi ya elimu ya Waislamu ya Mombasa, MIOME, iliyofunguliwa kwa wanafunzi mwaka 1951 kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na Mabohora, ilijengwa kwa sababu kijana Mwislamu alikuwa nyuma katika elimu na shule nyingi zilikuwa za misheni. Leo ndiyo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, na milango iko wazi kwa kila mtu.

Nisimfiche mzee upande wa pili. Vingi vya vyuo hivi ni maskini, maana serikali za majimbo ziliwapunja kwa vizazi, na mwanafunzi hubebeshwa deni. Saint Paul's, Virginia, kilifungwa 2013. Morris Brown, Atlanta, kilinyang'anywa ithibati mwaka 2002 na hakikuirudisha hadi 2022, na katikati hapo shahada yake ilikuwa na taabu. Kwa hiyo kabla ekari haijauzwa, kijana aandikie chuo aulize mambo manne: ithibati yake ni ya nani na inakwisha lini, ule msaada wa nusu karo ni wa mwaka mmoja au wa miaka yote minne, alama zikishuka unaondoka au unabaki, na chakula na malazi vimo au havimo. Asitegemee kibarua, kwa kuwa mwanafunzi mgeni huruhusiwa saa 20 tu kwa wiki wakati wa masomo, tena ndani ya chuo. Majibu yaje kwa maandishi, na barua ya chuo isomwe na mtu asiyelipwa na wakala yeyote.