Kingamwili na Ramani ya Utando wa Nje wa Bakteria (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tuliwaacha Georges Köhler na César Milstein pale Cambridge mwaka 1975, wakiwa wamekwisha kuunganisha seli ya panya inayotengeneza kingamwili na seli ya saratani isiyochoka kugawanyika. Seli chotara waliyoipata huzalisha kingamwili ya aina moja tu, inayoshika mahali pamoja tu. Leo tunaitia kingamwili hiyo kazini. Swali ni fupi: protini ikiwa imechomekwa katika utando wa nje wa bakteria, ni sehemu yake ipi inayotokeza nje na ni ipi iliyofichika?

Jibu lake lina uzito hospitalini. Kingamwili zilizomo katika damu ya mtu haziwezi kushika kitu zisichokifikia. Mtengeneza chanjo asiyejua kilicho nje anaweza kuufundisha mwili kupambana na kipande ambacho hautakutana nacho kamwe.

Tumchukue bakteria mmoja tunayemfahamu kwa madhara yake: meningokoko, anayeleta homa ya uti wa mgongo. Meningokoko wengi wanaoua huvaa ganda la sukari, na kwa ganda hilo hugawanywa katika makundi ya A, B, C na mengineyo. Wakazi wa Nairobi wenye umri wa kutosha wanaukumbuka mlipuko wa mwaka 1989. Ule ulikuwa wa kundi A, wa ukoo uliosambaa baada ya hija ya Makka ya mwaka 1987. Sukari ya kundi A inafaa kwa chanjo, na ndiyo iliyotumika katika MenAfriVac, chanjo iliyoanza kutolewa Afrika Magharibi mwaka 2010. Kundi B ni habari nyingine. Sukari yake inafanana na ile iliyomo katika seli za neva za binadamu, kwa hiyo mwili huiona kama kitu chake wenyewe na hauishughulikii. Waliotaka chanjo ya kundi B ilibidi wapite chini ya sukari na kutazama protini za utando.

Miongoni mwa protini hizo, iliyochunguzwa zaidi miaka ya 1980 na 1990 ni PorA. Ni mnyororo wa asidi amino zisizofika 400, nao hutengeneza tundu la kupitishia chembe ndogondogo. Mwaka 1991, Peter van der Ley na wenzake huko Uholanzi walipendekeza mchoro wake: mnyororo unapenya utando mara 16, kama uzi wa mshonaji unaotokea juu ya kitambaa na kuzama tena, na kila unapotokea nje unaacha kitanzi. Vitanzi vya nje ni vinane. Mchoro kama huo hukisiwa kwanza kwa kusoma mpangilio wa asidi amino, maana zinazopenda mafuta hukaa ndani ya utando na zinazopenda maji hubaki nje. Kukisia si kuthibitisha, na hapo ndipo kingamwili zinapohitajika.

Kipimo cha bakteria mzima

Kingamwili ni kubwa mno kupita katika matundu ya utando wa nje, ambayo huruhusu chembe ndogo tu, kama za sukari na chumvi. Basi ikiwa bakteria ni mzima, hajapasuka, na kingamwili ikamshika, kilichoshikwa kiko nje. Mantiki yote ya kazi hii imesimama juu ya hoja hiyo moja.

Mwaka 1987 Abdillahi na Poolman walieleza namna ya kuifanya kwa wepesi, kwa njia iliyo ndugu wa kipimo cha ELISA kilichozoeleka katika upimaji wa VVU. Bakteria huuawa kwa joto la nyuzi 56, joto la kiasi lisilowasambaratisha, kisha hutiwa katika visima vidogo vya sahani ya plastiki na kuachwa wakauke hadi wagande chini. Inatiwa kingamwili ya panya. Sahani inaoshwa, isiyoshika inakwenda na maji. Inatiwa kingamwili ya pili, inayoitambua ile ya panya, nayo imebeba kimeng'enya. Inaoshwa tena, kisha unatiwa mchanganyiko usio na rangi. Penye kingamwili, kimeng'enya huubadilisha, na kisima hugeuka buluu mbele ya macho. Pasipo na kingamwili, kisima hubaki cheupe.

Mpimaji makini haiamini buluu hiyo peke yake. Katika sahani ileile huweka visima vya kingamwili inayojulikana kushika protini ya ndani kabisa ya seli. Navyo vikigeuka rangi, maana yake bakteria wamepasuka, na sahani nzima haina la kusema. Anayetaka kuona kwa macho huzifunga kingamwili na chembe za dhahabu za nanometa 10 hivi na kutazama kwa hadubini ya elektroni. Kitanzi kikiwa nje, vitone vyeusi hujipanga ukingoni mwa seli. Kikiwa ndani, ukingo hubaki mtupu.

Kupata mahali penyewe

Hadi hapa tunajua kwamba PorA inashikwa kwa nje, lakini hatujui kwenye kitanzi kipi. Njia ya kulijua hilo ilitokana na kazi ya Mario Geysen huko Australia, iliyochapishwa mwaka 1984. Badala ya kuishughulikia protini nzima, unatengeneza vipande vifupi vya asidi amino, kila kimoja kikipishana kidogo na kinachofuata, hadi mnyororo mzima umalizike. Kisha unauliza kingamwili: unashika kipi? Mwaka 1990 Brian McGuinness na wenzake, huko Uingereza, waliifanyia PorA kazi hiyo. Kingamwili zilizokuwa zikitumika kuainisha meningokoko zilikimbilia sehemu mbili tu: moja kwenye kitanzi cha kwanza, nyingine kwenye kitanzi cha nne. Ndiyo sababu aina za PorA huandikwa kwa namba mbili. Bakteria wa P1.7,16 ana aina ya 7 kwenye kitanzi cha kwanza na aina ya 16 kwenye cha nne.

Kipande cha asidi amino, hata hivyo, ni uzi ulionyooka, na protini ndani ya utando imekunjwa. Kingamwili inayotambua mkunjo haitashika kipande, na inayoshika kipande kwa nguvu huenda isimguse bakteria aliye hai. Kwa hiyo kisima cheupe hakithibitishi kwamba kitu hakipo nje. Huenda kimezibwa na sukari, au kitanzi ni kifupi mno, au kingamwili yenyewe ilifunzwa kwa protini iliyochemshwa hadi ikapoteza umbo.

Funzo la Gloucester

Ramani ilipopatikana, ilidhaniwa kuwa kazi imekwisha. Eneo la Gloucester, Uingereza, lilionyesha vingine. Huko wagonjwa wa kundi B walikuwa wengi kwa miaka kadhaa, na bakteria waliowapata walikuwa wa ukoo wa P1.7,16. Lakini kingamwili ya kutambua aina ya 16 ilishindwa kuwashika. McGuinness na wenzake waliisoma jeni ya PorA ya bakteria hao, na mwaka 1991 wakaeleza sababu: herufi moja ya jeni ilibadilika, na kwenye kitanzi cha nne asidi aspatiki ikawa asparajini. Asidi aspatiki ina chaji hasi, asparajini haina. Mwaka 1997 watafiti wa Uholanzi walipiga picha kwa eksirei ya kingamwili ikiwa imekishika kipande hicho, ikaonekana kwamba chaji hiyo ilikuwa sehemu ya mshiko wenyewe. Asidi amino moja tu kati ya mamia ilitosha kumtoa bakteria mkononi mwa kingamwili.

Gloucester haikuwa ajali. Kitanzi cha kwanza na cha nne ni virefu, vinatokeza, na kingamwili huvifikia kirahisi. Kwa sababu hiyohiyo, bakteria asiyebadilisha vitanzi hivyo hunaswa, na aliyevibadilisha ndiye anayebaki kuzaliana. Vitanzi vifupi havibadiliki sana, lakini kingamwili hazivifikii vizuri. Mtafiti wa chanjo ameshikwa pande mbili: panapoonekana vizuri hapadumu, na panapodumu hapaonekani.

Hata hivyo, ramani iliyochorwa kwa wakati wake huokoa watu. New Zealand ilikumbwa na mlipuko wa kundi B kuanzia mwaka 1991, na wengi wa bakteria wake walikuwa wa PorA ya aina moja, P1.7-2,4. Kwa kuwa adui alikuwa mmoja na kitanzi chake kilijulikana, ilitengenezwa chanjo ya vipande vya utando wa nje wa bakteria huyohuyo, MeNZB, ikaanza kutolewa mwaka 2004. Chanjo hiyo isingefaa Gloucester. Anayeagiza chanjo ya namna hii lazima kwanza ajue ni PorA ipi inayozunguka nchini mwake mwaka huo, na baada ya miaka michache apime upya.

Walioukataa mzunguko huo walitafuta protini nyingine isiyobadilika ovyo. Walipata mojawapo, fHbp, kutokana na jenomu ya MC58, bakteria aliyetoka hukohuko Gloucester. Namna kingamwili zilivyotumika kuichora fHbp, na kwa nini protini ya binadamu iliingilia kati na kuziba sehemu ya ramani hiyo, ndiyo habari ya sehemu ya tatu.

Itaendelea wiki ijayo.